Shilingi moja na ile peremende ya kaunta

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni. Juzi nilinunua vitu vya shilingi 147, nikatoa 150. Msichana wa kaunta akanipa peremende tatu, akasema shilingi moja moja hana. Kufika nyumbani, mume wangu asema sarafu hiyo iondolewe kabisa, haina kazi, yajaza kopo tu. Mimi nimemkatalia, ila sababu ya kumwambia sina. Nani ana haki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Haki iko kwako, ingawa mumeo naye hakukosea yote.

Nimekaa kwenye kaunta ya duka la rejareja Majengo miaka thelathini na moja, na kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa kutumwa dukani. Niliiwahi peni, ile senti 10 yenye tundu katikati. Tukiipitisha uzi tukaivaa shingoni isituponyoke njiani. Senti 5 tukiiita ndururu, senti 50 thumuni. Zimekwenda, na hakuna aliyezililia, kwa sababu hakukuwa tena na kitu cha bei hiyo. Sarafu mpya za Kenya zilipotolewa Desemba 2018, thumuni haikuwemo: zilianzia shilingi moja ya twiga, ikaja tano ya kifaru, kumi ya simba na ishirini ya ndovu. Mumeo aona zamu ya twiga nayo imefika.

Haijafika. Kweli, shilingi moja peke yake hainunui kitu. Lakini hiyo ndiyo inayoiwezesha bei kupanda polepole. Mtazame mama wa mahamri anayeuza moja shilingi tano. Unga umepanda, sukari imepanda, naye shilingi moja tu ya nyongeza ingemtosha. Bei ya sita hawezi kuiweka, maana wateja hawana moja moja na yeye hana za kuwarudishia. Basi ama alifinye hamri liwe dogo, ama aliuze shilingi kumi. Kutoka tano hadi kumi ni mara mbili, na mtoto aliyezoea mawili asubuhi sasa atapata moja.

Dukani kwangu niliwaona vizuri wanaoumia bei ikiruka. Si yule anayechukua mfuko mzima wa unga. Ni yule wa mafuta ya kupima, sukari robo, majani ya chai yaliyofungwa kwenye kipande cha karatasi, anayekuja asubuhi na akarudi jioni kwa sababu pesa anaipata kwa siku. Kila anapokuja hesabu yake yapandishwa kidogo. Na aliye na pesa kwenye simu alipa 147 kamili, hapotezi kitu! Mwenye noti mkononi ndiye anayepewa peremende.

Mumeo akikutajia nchi zilizoacha sarafu ndogo, mkubalie, kisha muulize ziliachaje. Kanada ilikoma kuigawa senti moja Februari 2013, lakini kwa utaratibu: jumla ya mwisho tu ndiyo hukadiriwa, tena kwa anayelipa taslimu, kwenda kwenye tano iliyo karibu. Senti zikiizidi tano au kumi kwa moja au mbili, zashuka. Zikizidi kwa tatu au nne, zapanda. Kwa hesabu hiyo, 147 yako ingekuwa 145, ukarudishiwa shilingi tano nzima. Kaunta yako iliifanya 150. Ikija sheria kama ile na ikasimamiwa, nitakuwa wa kwanza kumuaga twiga. Bila hiyo, kuiondoa shilingi moja ni kumpa mwenye duka ruhusa ya kupandisha siku zote.

Na peremende najua bei yake, nilizinunua kwa pakiti. Ile unayohesabiwa shilingi moja, mwenye duka ameipata kwa chini ya hapo. Kwa hiyo amekuuzia usichokitaka na faida ameweka. Mimi nami nilifanya hivyo wakati mmoja chenji ilipoadimika. Bibi mmoja wa mtaani akazihifadhi zote nilizompa, siku moja akaja nazo kwenye mfuko akanimwagia kaunteni, anataka chumvi. Nilimpa. Ningemkataliaje, na ni mimi niliyezifanya pesa? Tangu siku hiyo sikumpa mtu peremende asiyoitaka.

Sasa lile kopo. Shilingi hazikupotea, zimelala majumbani, kwenye makopo na vibubu. Lipelekeni duka la mtaani asubuhi na mapema, wahesabu nanyi, wawape noti. Mimi watu hao nilikuwa nikiwangoja. Nikipata mia mbili za moja moja alfajiri, hadi magharibi hakuna niliyemuomba radhi. Ila bakisha chache kwenye pochi yako. Safari nyingine hesabu ikija 147, toa 152, akurudishie tano.