"Thrill" si furaha tu

Umeuliza kama "thrill" ni furaha tu, na neno limetoka wapi. Furaha peke yake haitoshi. Ni ule msisimko unaopita mwilini ghafla hadi vinyweleo vikasimama, na unaweza kuletwa na furaha au hata na hofu. Kwa hiyo "thriller" ni hadithi ya kusisimua, si ya kuchekesha.

Asili yake inapendeza sana. Katika Kiingereza cha Kale kulikuwa na kitenzi "thyrlian", yaani kutoboa, kilichotokana na "thyrel", tundu. Baadaye kikawa "thirl", kisha sauti ya r ikaruka mbele ya irabu tukapata "thrill". (Ndege naye, "bird", zamani aliitwa "brid", r ikahama vivyo hivyo ila kwa upande wa pili.) Maana ya hisia ilishika mwishoni mwa karne ya 16: jambo linakupenya kama mkuki, ila sasa kinachotobolewa ni moyo.

Tundu lile la kale bado lipo katika "nostril": "nos" ni pua, "tril" ni thyrel. Yaani tundu la pua, sawasawa kabisa na tunavyosema sisi!

Madaktari nao huita "thrill" mtetemo wanaouhisi kwa kiganja juu ya kifua cha mgonjwa, damu inapopita kwa vurugu kwenye vali ya moyo. Hapo hakuna furaha yoyote.

Kwa tafsiri, mimi ningechukua "msisimko", na kitenzi "kusisimua".