Madigadi yameota kutu tena: fiba na puti, au kukata?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Noah ya zamani, nipo Igoma, Mwanza. Mwaka jana gereji moja walinitengenezea madigadi ya nyuma na boksi la chini ya milango, kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Masika yalipopita rangi ikavimba pale pale, na nikiibonyeza inapasuka na kutoa maji ya kahawia. Fundi mwingine anasema atakwangua, aweke fiba na puti, na bei yake ni nafuu. Nikubali?

JIBU: Usikubali. Hiyo ndiyo kazi uliyofanyiwa mwaka jana, na itaharibika kwa sababu ile ile.

Kutu ya sehemu hizo inaanzia ndani. Madigadi ya nyuma ni mabati mawili yaliyobanwa ukingoni, na boksi la chini ya milango lina uwazi katikati. Matope yakijaa humo yanashika maji, bati linaliwa kwa ndani, na rangi kuvimba ni dalili ya mwisho kabisa. Ukiona lengelenge dogo kama kifungo cha shati, mara nyingi bati lililooza nyuma yake linafika upana wa kiganja.

Sasa angalia puti inavyoharibu. Puti ina unga wa talki na inanyonya unyevu. Ikipakwa juu ya bati zima lenye praima haina tatizo, maana rangi inaikinga kwa nje na bati linaikinga kwa nyuma. Ikipakwa juu ya tundu, mgongo wake unabaki wazi ndani ya boksi lenye maji. Inayanywa, inayashikilia kwenye kingo za bati, na kutu inayoota pale inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo inaisukuma puti nje. Ndiyo maana maji yako ni ya kahawia. Wanaojaza magazeti au povu kwanza ili puti ipate pa kukaa wanaongeza tatizo: hiyo ni sponji iliyofungiwa ndani ya gari. Na kipande cha bati la paa kilichopigwa riveti hakisaidii. Ni chembamba mno, na maji yanakaa kwenye mpishano.

Kabla ya kukubaliana bei, chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwa kitambaa chepesi, uipitishe kwenye bodi. Isiponasa, hapo kuna puti nene au fiba. Kisha gari liinuliwe, uchokonoe kwa bisibisi chini ya boksi na pale springi na shokapu za nyuma zinaposhika bodi. Bisibisi ikizama huko au karibu na nati za mkanda wa usalama, gari lisiendeshwe mpaka lichomelewe. Boksi la chini ya milango linabeba uzito na ndilo linalokulinda ukigongwa ubavuni.

Kazi inayodumu ni hii. Betri itolewe waya wa hasi, kapeti litolewe, mabomba ya mafuta yasogezwe, na ndoo ya maji iwe karibu. Fundi akate mpaka bati linalong'aa, sentimita 2 hadi 3 kupita kutu ya mwisho. Kiraka kiwe bati jeusi lisilo na zinki: milimita 0.8 kwa madigadi, 1.0 hadi 1.2 kwa boksi. Mashine ya kuchomelea ya MIG, yenye waya wa milimita 0.8, inafaa zaidi. Fimbo za umeme zinatoboa bati jembamba na gesi inalipinda. Achomelee vipande vya sentimita moja, aruke upande mwingine, bati lipoe. Akikimbiza mstari mmoja mrefu, madigadi yatajikunja, na mkunjo huo utafichwa kwa puti.

Mishono ikisagwa, ipakwe praima ya epoksi, maana praima ya kawaida inapitisha maji. Puti ije juu yake baada ya msasa, isizidi milimita 3, na hadina (dawa ya kugandisha puti) gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Kwa joto la Mwanza inaganda ndani ya dakika chache, kwa hiyo achanganye kidogo kidogo. Akizidisha hadina, rangi itabadilika baadaye. Dawa ya kubadili kutu inafaa kwa kutu ya juu juu tu, magamba haiyapenyi.

Rangi ikishakauka, nta ya ndani ya bodi ipulizwe kwenye boksi na madigadi. Ikitangulia, rangi haitashika. Oili chafu usikubali: ina asidi, inalainisha mipira ya bushi, na inadondoka ardhini.

Kama fedha haitoshi sasa, ni afadhali tundu la madigadi libaki wazi. Litolewe puti yote, likwanguliwe, lipakwe epoksi na grisi ndani, maji yapate njia ya kutoka. Halipendezi, lakini kutu itakwenda polepole na bati la kuchomelea litabaki.

Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya kula bati kama ya pwani. Hata hivyo, kuingiza gari ziwani kuliosha kunajaza boksi maji na kunaachia mafuta ziwani. Wanaobeba kayabo (samaki wakavu wa chumvi) kutoka soko la Mwaloni Kirumba wana chumvi halisi sakafuni: turubai litandikwe, na sakafu ioshwe kwa maji safi siku hiyo hiyo. Kila baada ya mvua kubwa pitisha waya mwembamba kwenye vitundu vya maji chini ya milango na boksi. Mafundi wengi huviziba wanapopaka lami ya chini, kwa hiyo vikague kabla hujalipa.