Muulize Kocha: Mwanangu kahamia kikapu, baba yake amenuna

SWALI: Shikamoo Kocha. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala. Mwanangu wa kwanza ana miaka 14, amerefuka ghafla, ameshampita baba yake. Tangu mdogo alikuwa mtu wa chandimu, lakini mwaka huu anashinda kwenye kikapu. Jumamosi tulikwenda kumtazama. Walishinda 42 kwa 39, ila kocha wao alimtoa mara tatu. Baba yake karudi amenuna, anasema mtoto anaonewa, na kwamba mpira ni mpira tu, arudi kwenye soka. Hii michezo inatofautiana nini hasa? Na huku kuhama hakutamharibia?
Mama wa Mrefu, Mbagala

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na shemeji, maana ndiye aliyenuna. Kwenye soka mchezaji akitolewa ndiyo basi, harudi tena. Mtu aliyekulia kwenye soka akiona mwanawe anaitwa benchi, lazima roho imuume. Kwenye kikapu kocha anabadilisha wachezaji kadiri apendavyo. Mtoto anatolewa anywe maji, aambiwe neno moja sikioni, arudi ndani. Aliyetolewa mara tatu, jua amerudishwa si chini ya mara mbili, na kocha asiyemtaka mtoto hamrudishi. Mwambie shemeji hivyo hivyo, kwa upole, akishakula.

Sasa hilo la mpira ni mpira, hapana. Uwanja wa kikapu una mita 28 kwa 15. Wa soka wa mashindano makubwa una mita 105 kwa 68. Piga hesabu: eneo la uwanja mmoja wa soka ni sawa na viwanja 17 vya kikapu. Mimi nimecheza beki wa kushoto mchangani miaka mingi, na kuna siku robo saa nzima ilikuwa inapita sijagusa mpira. Kwenye kikapu mko watano, wote mnashambulia na wote mnarudi kukaba. Hakuna wa kubaki nyuma akisubiri.

Halafu kuna saa. Dada, kama kuna kitu kimoja nataka ukielewe, ni hiki. Soka inakuruhusu kukaa na mpira utakavyo. Unaongoza bao moja, dakika ya 80, unapiga pasi za nyuma, unaupeleka kwenye kibendera cha kona, kipa anaanguka anashika goti. Sote tumeyaona hayo. Kikapu nacho kiliugua ugonjwa huo. Mwaka 1950 huko Marekani, Fort Wayne Pistons waliifunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, mechi nzima, kwa sababu watu waliushika mpira tu wasirushe. Mwaka 1954 ligi ya NBA ikaweka saa ya sekunde 24: ukiupata mpira, ndani ya muda huo urushe ufike kwenye ringi, la sivyo unanyang'anywa. Leo karibu dunia nzima inacheza na saa ya namna hiyo, na ndiyo maana mlihesabu pointi 42 na si mabao mawili. Sare nayo haipo. Zikilingana, zinaongezwa dakika tano, na tano nyingine, mpaka apatikane mshindi.

Kutokana na saa hiyo, kosa halina uzito sawa katika michezo hii miwili. Nilipokuwa kijana, kwenye fainali moja ya mtaani, niliurudisha mpira kwa kipa ukawa mfupi, mshambuliaji wao akauwahi. Tukafungwa 1-0. Dakika 60 zilizobaki nilikimbia kama kichaa na sikupata nafasi ya kulilipa lile kosa. Usiku ule sikula. Soka ni hivyo: bao ni adimu, na kosa moja linaweza kukaa nawe mwaka mzima. Kwenye kikapu ukikosa, sekunde chache baadaye mpira unakurudia mkononi.

Lakini usikae kulilia. Hapo ndipo watoto wanaotoka kwenye soka wanapopata shida, na nimewaona wengi pale Upanga, Don Bosco. Kijana anakosa kikapu cha wazi, anasimama, anashika kichwa kwa mikono miwili kama mshambuliaji aliyegonga mwamba. Kwenye soka una nafasi ya kufanya hivyo, kipa bado anautafuta mpira nyuma ya goli. Huku, kabla hajaishusha mikono, wenzake wanne wanakimbizana na watu watano upande wa pili, na pointi mbili zimeshaingia. Mtazame mwanao Jumamosi ijayo: akikosa, anageuka na kukimbia, au anashika kichwa? Hilo litakuonyesha amefika wapi, kuliko pointi alizofunga.

Kuhusu kumharibia, hapana. Hakeem Olajuwon alikuwa kipa wa soka akiwa kijana Lagos, kisha akabeba ubingwa wa NBA na Houston Rockets 1994 na 1995, na ile miguu yake myepesi chini ya kikapu inahusishwa na soka mpaka leo. Hasheem Thabeet wetu, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwa vijana wote walioingia NBA. Wako ana 14. Simwahidi chochote, watu wanaofika kule ni wachache mno, na shemeji yuko sahihi kwamba hapa kwetu soka ndiyo yenye hela. Ila asiambiwe amechelewa.

Urefu unasaidia, siwezi kukudanganya. Ringi iko juu mita 3.05, na haimshukii mtu. Lakini anakua kwa kasi, na magoti ya mtoto wa umri huo yanauma. Akilalamika, apumzishwe, kikapu na chandimu vyote.

Raba muhimu. Asidunde na zile alizochezea chandimu, soli imeshalika, inateleza kwenye sakafu. Nenda naye soko la Karume asubuhi mapema, mrobota wa mitumba ukiwa ndio umefunguliwa. Chagua yenye soli pana, bonyeza kisigino uone kama bado kigumu, na aijaribu akiwa amevaa soksi nzito. Nunua inayomtosha leo. Ya kukulia inaweza kumtegua kifundo.