Je, Mtakatifu Antoni alimtelekeza mdogo wake?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Kaka yangu mkubwa, baada ya kusikia mahubiri juu ya Mtakatifu Antoni wa Misri, anasema atagawa kwa maskini shamba la mikorosho tuliloachiwa na marehemu wazazi wetu, kisha aende utawani. Mdogo wetu wa kike yuko kidato cha pili, na mahitaji yake yote ya shule hutokana na korosho hizo. Kaka anadai kwamba Antoni naye alimwacha mdogo wake. Ni kweli? Na je, ndiye yule ambaye sanamu yake imembeba Mtoto Yesu?
Msomaji, Masasi, Mtwara

JIBU: Milele amina. Kaka yako ameshika nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo inayomhusu mdogo wenu.

Antoni alizaliwa Misri yapata mwaka 251. Wazazi wake walifariki akiwa na umri wa miaka 18 au 20, wakamwachia mdogo wake wa kike na aroura 300 za ardhi yenye rutuba, ambazo kwa vipimo vyetu ni takribani ekari 200. Athanasi, Askofu wa Aleksandria aliyeandika maisha yake, anasema kwamba siku moja aliingia kanisani wakati Injili ikisomwa: "Ukitaka kuwa mkamilifu, enenda ukauze ulivyo navyo, uwape maskini." Akatoka papo hapo, akawapa wanakijiji ile ardhi ili isimsumbue yeye wala mdogo wake, akauza vitu vya nyumbani na kuwagawia maskini fedha; lakini akabakiza kiasi kwa ajili ya binti huyo.

Baadaye aliposikia, "Msisumbukie ya kesho," alitoa hata kile kilichobaki. Hapo ndipo kaka yako anaposimamia hoja yake, nami nakiri kwamba ni sehemu ngumu, kwa kuwa Athanasi hatuambii kama binti aliulizwa. Hata hivyo Antoni hakumwacha njiani: alimkabidhi kwa mabikira waaminifu aliowafahamu, wamlee, ndipo akaanza maisha yake ya upweke. Miaka mingi baadaye alionana naye tena, akafurahi kumkuta amezeeka katika ubikira, naye akiwa kiongozi wa mabikira wengine.

Tena Antoni hakuwa mzigo kwa mtu. Alifanya kazi kwa mikono yake, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba asiyetaka kufanya kazi na asile. Hata alipohamia mlimani karibu na Bahari ya Shamu, alipoona watu wanataabika kumpelekea mikate, aliomba jembe, shoka na nafaka kidogo, akalima. Alifariki mwaka 356, akiwa na umri wa miaka 105 kwa hesabu ya Athanasi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kaka yako anaweza kutoa fungu lake, na wito wake ni wa kuheshimiwa, lakini shamba mlilorithi pamoja si lake peke yake. Kaeni kikao cha familia, wajomba wawepo na huyo binti mwenyewe asikilizwe, mkubaliane nani atamsomesha, kabla mkorosho hata mmoja haujatoka mikononi mwenu. Katika nyumba ya watawa pia, mlezi wa wito atamuuliza kuhusu wale wanaomtegemea.

Mwenye sanamu ya Mtoto Yesu ni mwingine, Antoni wa Padua, aliyefariki mwaka 1231 na kukumbukwa tarehe 13 Juni. Huyu wa Misri, anayeitwa pia Antoni Abate, huadhimishwa tarehe 17 Januari.