Revolva ya baruti iliyotumika: Colt ya shaba au Remington iliyopauka?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwanachama wa klabu ya shabaha hapa Birmingham, Uingereza, na polisi wameshaniongezea kwenye cheti changu cha silaha nafasi ya revolva moja ya baruti nyeusi, kaliba (kipenyo cha mtutu kwa inchi) .44. Nimepata mbili zilizotumika, zote nakala zilizotengenezwa Italia, na bei hazipishani sana. Moja ni Colt Navy ya 1851 yenye fremu ya shaba ya manjano, imenakshiwa na inang'aa. Nyingine ni Remington New Model Army ya chuma, rangi imepauka na mpini una mikwaruzo. Sitafuti pambo, nataka kulenga mita 25 mwisho wa wiki. Nichukue ipi, na nikague nini kabla ya kutoa pesa?

JIBU: Ndugu yangu, chukua Remington, ila iwe imepita ukaguzi nitakaokueleza. Ikishindwa, usirudi kwa ile Colt. Subiri Remington nyingine, maana zimejaa sokoni.

Nianze na Colt. Navy halisi ya 1851 ilikuwa kaliba .36 na fremu yake ilikuwa ya chuma. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Griswold & Gunnison kule Georgia walitengeneza za fremu ya shaba kwa kukosa chuma, lakini hata hizo zilikuwa .36. Navy ya shaba yenye kaliba .44 ni ubunifu wa viwanda vya leo. Ukija kutamani mashindano yanayofuata kanuni za MLAIC, chombo cha kimataifa cha walenga shabaha wa silaha za kushindilia kwa mbele, ambako nakala inatakiwa ifanane na silaha ya asili, itakusumbua.

Kubwa kuliko hilo ni kwamba shaba ni laini. Kila baruti inapolipuka, silinda hurudi nyuma na kuigonga fremu. Geuza bastola kwenye mwanga utazame ukuta ulio nyuma ya silinda. Kama mwenyewe alizoea kushindilia baruti nyingi, utaona duara lililobonyea kwenye shaba, umbo lile lile la kitako cha silinda. Colt pia haina daraja la chuma juu ya silinda. Mtutu unashikwa na kabari iliyopita kwenye mhimili, na mhimili wenyewe umekazwa kwenye shaba hiyo hiyo. Ukianza kulegea, pengo kati ya silinda na mtutu linapanuka na risasi zinatawanyika. Kurekebisha hapo kunakula pesa kuliko bastola yenyewe.

Remington ina fremu iliyozunguka silinda yote, juu na chini, ndiyo maana inavumilia. Kilengeo chake cha nyuma ni mfereji uliochongwa kwenye daraja la juu na hakitikisiki. Cha Colt ni pengo dogo kwenye kichwa cha nyundo, kitu kinachocheza kila unapoivuta nyuma.

Sasa ukaguzi. Kwanza kabisa hakikisha haijashindiliwa. Hizi ni ukoo mmoja na gobore: kwa nyuma zinaweza kuonekana tupu kumbe baruti na risasi vimo ndani. Tazama chuchu zote sita, vile vipande vidogo nyuma ya silinda vinavyovikwa fataki ya kuwashia baruti, kama zina fataki, kisha toa silinda na uchungulie kila chemba, yaani tundu la kuwekea baruti na risasi. Usikubali kuambiwa tu.

Silinda ikiwa mkononi, maliza nayo kabisa, kwa sababu ndiyo unayonunua. Chukua kurunzi ndogo umulike sakafu ya kila chemba. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na mtu akiichelewesha kuosha hata kwa siku chache, kutu huanzia pale chini. Weusi wa kawaida hufutika kwa kitambaa. Vishimo havifutiki, na vikiwa vingi achana nayo. Jaribu kufungua chuchu kwa spana yake. Zikigoma, ujue hazikuwahi kutolewa na kusafishwa. Tundu la chuchu likiwa limepanuka, moto hurudi nyuma na kuisukuma nyundo, lakini seti mpya ya chuchu ni bei ndogo, kwa hiyo hilo ni la kupunguzia bei tu.

Mwombe muuzaji akuazime kipimo cha vernier upime midomo ya chemba. Nakala nyingi za Italia zina chemba nyembamba kuliko kipenyo cha mtutu kikipimwa ndani ya mifereji yake. Goroli ya risasi ikishabanwa humo hupita mtutuni bila kushika vizuri, na hapo hata mkono uliotulia unakosa. Chemba zinaweza kupanuliwa na fundi, mradi zote sita ziwe sawasawa. Kwa kaliba hii goroli ya inchi 0.451 au 0.454 ndiyo ya kawaida. Ikishindiliwa inatakiwa ikatwe pete nyembamba ya risasi kwenye mdomo wa chemba, duara kamili. Pete isipotoka, chemba haijaziba, na moto unaweza kuingia chemba ya jirani.

Rudisha silinda, kisha vuta nyundo nyuma polepole sana kwa kidole gumba, mara sita. Kila mara silinda inatakiwa ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho au papo hapo inapofika. Ukilazimika kuisukuma kwa mkono ijifunge, kuna kipande kimelika. Nyundo ikiwa juu, isukume mbele taratibu bila kugusa kifyatulio, huku kidole kikiishika isije kuporomoka. Ikianguka, usinunue kabla fundi hajaifungua. Na usifyatue bure, nyundo itaponda chuchu za mtu.

Rangi iliyopauka na mikwaruzo ya mpini isikutishe hata kidogo. Skrubu zilizokwaruzika vichwa ndizo za kuulizia, kwa kuwa zinaonyesha kuna mtu alifungua ndani bila bisibisi sahihi.

Ukiweza, ombeni muipige kwenye klabu ya muuzaji, yeye akiwepo. Piga ukiegemea mfuko wa mchanga na uangalie kundi la matundu, siyo kama yako katikati. Kundi likibana lakini liko chini, ni furaha: kilengeo cha mbele kinapigwa tupa kidogo kidogo hadi risasi zipande. Likiwa juu, mwenye bastola aliyetangulia huenda ameshakipunguza mno, na itabidi kiwekwe kirefu zaidi.

Karatasi unazifahamu kwa sehemu. Marufuku ya bastola ya 1997 hapa Uingereza, iliyotokana na mauaji ya shuleni kule Dunblane, Scotland, iliziacha hizi za kushindilia kwa mbele, lakini zinabaki silaha za cheti. Muuzaji aone cheti chako na aiandike humo, na kila mmoja wenu awaarifu polisi ndani ya siku 7. Cheti hicho hakikuruhusu kununua baruti nyeusi yenyewe, hiyo ina cheti chake cha vilipuzi kutoka kwa polisi hao hao. Kiombe sasa hivi, kabla hujamlipa mtu.