Bakteria anagawanyika dakika 20, kunakili DNA dakika 40, inakuwaje?

Mdogo wangu uliyeuliza bakteria E. coli anawezaje kugawanyika kila dakika 20 wakati kunakili DNA yake kunachukua kama dakika 40, hilo swali lilinisumbua sana nilivyoanza kazi maabara hapa Tanga. Tulikuwa tunapima maji ya visima, unapanda sampuli jioni, asubuhi sahani imejaa madoa, na kila doa ni mamilioni ya bakteria waliotokana na mmoja tu.

Jibu ni kwamba hasubiri amalize ndo aanze tena. Kromosomu yake, yaani DNA yake yote, ni duara la herufi (A, T, G na C) kama milioni 4.6 na kunakili hakuanzi popote tu, kunaanzia sehemu moja inaitwa oriC, herufi kama 245 basi. Kutoka pale kazi inaenda pande zote mbili, karibu herufi 1,000 kwa sekunde kila upande, piga hesabu utaipata hiyo 40. Sasa chakula kikiwa kingi, raundi ya kwanza haijafika mwisho oriC mbili mpya zinaanza tena, yaani mtoto anazaliwa DNA yake tayari iko njiani kunakiliwa kwa ajili ya wajukuu.

Mwanzo wenyewe ndo mtamu. Protini za DnaA zilizobeba ATP (molekuli ya nishati) zinajipanga pale oriC, zikitosha zinaifumua DNA, yaani zinatenganisha nyuzi zake mbili, kwenye kipande chenye A na T nyingi, maana A na T zimeshikana kwa bondi mbili, G na C tatu. Mama yangu anashona huku Ngamiani, akitaka kufumua gauni anapapasa mpaka apate pale uzi ulipolegea, anapitisha wembe, nyuzi mbili tatu zikikatika mshono unafuata wenyewe. Hapo protini DnaC inaleta helikesi DnaB, moja kila uzi wa DNA, ziendelee kufumua, kimeng'enya praimesi kinaweka kipande cha RNA cha kuanzia na DNA polimeresi III, ndiyo inayonakili, inapokea.

Halafu kuna breki, wengi wanairuka na mimi naona ndo moyo wa jambo lote. Uzi mpya unakuwa bado hauna alama za methili (vikundi vidogo vya kikemia vinavyobandikwa kwenye DNA), kwa hiyo protini SeqA inaing'ang'ania oriC isianze tena mapema, na huku ATP ya DnaA inageuzwa ADP, basi haiwezi kuanzisha tena.

Chukua karatasi uchore, raundi ya pili ianze ya kwanza ikiwa nusu. Utahesabu oriC nne na mwisho, pale kunakili kunapomalizikia, bado ni mmoja.