Nina kazi na familia, sina sababu ya kuhuzunika. Je, niende hospitali?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Kayole, nina miaka 36, mke na watoto wawili. Tangu msimu wa sare za shule mwezi wa kwanza sijijui tena, na sasa ni mwezi wa sita. Naamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Kibandani naweza kukaa na kitambaa cha mteja mapajani hadi adhuhuri bila kukikata. Chakula hakina ladha, na mpira niliokuwa naupenda siutazami. Wateja walionilipa nusu wakipiga, nazima simu. Jioni napitia kunywa bia ya kegi ndipo nipate kulala. Mke wangu anashuku nina mpango wa kando. Marafiki wananiambia nijikaze. Mchungaji aliniambia nifunge siku tatu, nikafunga, hakuna kilichobadilika. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba sina sababu. Sijafiwa, kodi nalipa ingawa kwa kuhangaika, watoto ni wazima. Wako watu mtaani hawana hata kibarua na wanacheka. Mara nyingine natamani nilale nisiamke. Nimefikiria kwenda hospitali ya akili ya Mathari lakini nikionekana huko nitaitwa mwendawazimu. Huu ni ugonjwa au ni uvivu? Niende, au nisubiri uishe wenyewe?* — Fundi, Kayole

Marahaba mwanangu.

Nenda, tena uende wiki hii. Nitakueleza kwa nini, lakini kuna neno moja ulilolitaja kama la kupita tu, nami siwezi kulipita. Umesema unatamani ulale usiamke. Nakuuliza wazi: ni uchovu unaotamani upumzike, au umeanza kufikiria namna na siku ya kujitoa uhai? Kama umefika huko, usisubiri kliniki ya Jumatatu. Mwambie mkeo usiku huu huu, usikae peke yako, na mwende pamoja kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Ukishindwa kumwambia mtu ana kwa ana, piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, au Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Na hata kama hujafika huko, mwambie daktari ulivyoniambia mimi. Najua wanaume wengi hunyamaza wakihofia polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hakuna wa kukukamata kwa kusema umechoka kuishi.

Sasa hili la kutokuwa na sababu, maana naona ndilo limekufunga miguu miezi yote hii. Unajihukumu kila asubuhi: fulani hana kazi na anacheka, mimi nina cherehani na siwezi kuikanyaga, basi mimi ni mvivu. Mwanangu, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, haiji kwa waliofiwa au waliofukuzwa kazi peke yao. Wako wanaoipata baada ya msiba, na wako wanaoipata mambo yakiwa yanakwenda vizuri kabisa. Wengine ni damu ya ukoo, wengine ni uchovu wa miaka uliojilimbikiza, wengine ni maradhi mengine mwilini. Presha ikipanda, hakuna anayemwambia mgonjwa athibitishe kwanza kwamba anastahili kuumwa. Na huyo jirani anayecheka hujui usiku wake ukoje, kama naye asivyojua wako. Shida za watu hazipangwi foleni, eti wewe usubiri wenye shida kubwa watibiwe kwanza.

Mvivu hufurahia kukwepa kazi. Wewe unakaa na kitambaa mapajani ukiumia. Tena mvivu hachoki na mpira.

Ukifika kwa mhudumu wa afya atakuuliza mambo ambayo umeyajibu tayari bila kuulizwa. Atataka kujua kama, kwa wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya vitu ulivyovipenda, umekuwa na huzuni au kukata tamaa, usingizi umeharibika, nguvu zimeisha, hamu ya kula imebadilika, unajiona hufai, akili haitulii kwenye kazi, mwili umekuwa mzito au hautulii, na kama umefikiria kufa. Anaangalia wiki mbili tu, nawe una miezi mitano. Ndiyo maana sikuambii usubiri. Ungekuwa na siku nne mbaya baada ya kugombana na mkeo, ningekuambia ulale, ule, uzungumze na rafiki. Lakini hali ikishakunyang'anya kazi, usingizi na watu wako, haingoji kuitwa kubwa ndipo itibiwe.

Anza karibu na nyumbani, katika kituo cha afya cha mtaa. Kama hujajisajili na SHA, bima ya afya ya serikali, piga *147# kabla ya kwenda. Usimwambie mhudumu kwamba kichwa kinauma halafu ukanyamaza, kwa sababu utapewa tembe za maumivu na kurudishwa nyumbani. Ukishindwa kuanza, mpe barua uliyoniandikia aisome. Mwombe pia apime damu na tezi ya shingo, kwani upungufu wa damu na tezi iliyolegea humchosha mtu na kumtia huzuni inayofanana sana na hii. Akiona inafaa atakupa barua ya rufaa kwenda hospitali ya Mama Lucy, Kenyatta au Mathari. Akikupuuza, tafuta mwingine. Hilo lisikuvunje moyo.

Na Mathari yenyewe usiiogope hivyo. Wakoloni waliianzisha mwaka 1910 kama nyumba ya kuwafungia waliohesabiwa wendawazimu, na sifa hiyo ndiyo watu wa mtaa wanayoirudia hadi leo. Lakini kuna kliniki ya wagonjwa wa nje. Watu huingia, wakaonana na daktari, wakachukua dawa na kupanda matatu Thika Road kurudi nyumbani. Walimu, madereva, wanafunzi wa chuo, mama mboga. Anayekuona pale langoni naye amefuata jambo lake.

Unaweza kupewa mshauri nasaha wa kuzungumza naye kila wiki, au dawa, au vyote viwili. Kuhusu dawa nikuandae, maana hapa wengi huacha njiani. Hazifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua kama wiki mbili hadi nne kabla hujahisi tofauti, wakati mwingine zaidi, na kichefuchefu au kinywa kukauka huweza kutangulia nafuu. Mtu huona anaumwa zaidi akazitupa wiki ya pili. Usizitupe, rudi umwambie daktari. Ila ukiona mawazo ya kufa yanazidi baada ya kuanza dawa, rudi siku hiyo hiyo. Si dawa za kulevya, na utakapopata nafuu bado utaendelea nazo kwa miezi kadhaa, kisha daktari azipunguze polepole.

Kegi uiache, tena uiache kabisa ukianza dawa. Pombe hukupa usingizi wa saa za mwanzo kisha huuvunja alfajiri, kwa hiyo sehemu ya huko kuamka saa tisa unainunua mwenyewe jioni. Lakini kama umekuwa ukinywa kila siku na ukikosa mikono inatetemeka, usikate ghafla. Mweleze mhudumu akusaidie kupunguza.

Mchungaji wako alikutakia mema. Endelea kuomba, na kama bado ni mtu unayemwamini mwambie unaanza matibabu na unataka akuombee ukiwa kwenye matibabu. Akikuambia uchague kati ya dawa na imani, usimsikilize katika hilo moja. Na kufunga kwa sasa acha, mtu asiyekula vizuri miezi mitano hahitaji kupunguza chakula.

Mkeo ndiye ninayemfikiria sana. Anakuona huongei, huli, unachelewa, simu imezimwa. Ungekuwa wewe ungeshuku nini? Usingoje apate jibu lake mwenyewe. Watoto wakilala, mwambie hivi: "Mama watoto, sina mwanamke mwingine. Naumwa. Siku nyingi silali na kazi inanishinda, na ninaogopa. Nataka unisindikize hospitali." Unaweza kulia ukisema hayo, na si neno. Anaweza kukasirika kwamba ulimficha, mpe nafasi ya kukasirika, mradi mwende wote.

Halafu wateja, maana naamini deni la nguo hizo ndilo linalokuamsha zaidi ya unavyokiri. Usijaribu kuzimaliza zote. Toa vitambaa vyote uvipange na mkeo: kilichokatwa, kisichokatwa, nani amelipa ngapi. Zile za haraka mpe fundi mwenzako unayemwamini azishone mgawane malipo. Mkeo awapigie wateja kwa simu yake, aseme umekuwa mgonjwa na awape tarehe mpya mnayoweza kuitimiza. Wako watakaofoka, na wako watakaosema pole fundi, tutangoja. Anayetaka pesa zake, mkubaliane mlipe kidogo kidogo. Wewe chukua kazi moja ndogo kwa siku, kupinda suruali au kubadilisha zipu, uimalize kabla ya saa nne asubuhi hata kama baada yake utakaa tu. Kazi kubwa za kukata ziache mpaka daktari amekuona na umeanza kulala, na simu yako uiwashe kesho mkeo akiwa ameketi kando yako.